Mlima Haukatwi Viwanja

Twasema wazi tangu mwanzo ili asiwepo wa kutupindishia maneno: sisi hatupingi nyumba. Mtu asiye na paa hana raha, na nchi iliyojitawala bila kuwapa watu wake mahali pa kulala imejitawala nusu. Tunachopinga ni nyumba kupanda mlimani. Tunapinga miteremko ya Uluguru iliyo juu ya mji wa Morogoro kukatwa vipande, kuwekewa mawe ya mipaka na kuuzwa kwa mwenye fedha, huku wenyeji waliokaa hapo tangu enzi za bibi zao wakiambiwa wanyamaze kwa kuwa ati hayo ndiyo maendeleo.

Ndugu msomaji aliyepata kuingia Morogoro anajua kwamba mlima huonekana kabla ya mji. Mji umekaa chini. Juu yake ziko Bigwa, Kilakala, Mbete na Luhungo, kisha msitu, kisha vilele vya Lupanga na Bondwa, ambavyo vyote viwili vimezidi mita 2,000 juu ya bahari. Kati ya mji na msitu pana mkanda wa mashamba. Hapo ndipo penye migomba, mihogo, maharage, mboga, miembe na mifenesi. Hapo ndipo wanapotoka akina mama alfajiri na matenga kichwani kuteremka sokoni.

Mkanda huo ndio tunaouzungumzia leo. Msitu una mwenye kuulinda: mwaka 2008 ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hekta 24,000, na una walinzi wake na sheria yake. Mji nao una baraza lake la madiwani. Lakini mkanda ule wa kati, ambao si msitu wala si mji, umekuwa kama ng'ombe asiye na mchungaji: kila apitaye humkamua, na hakuna anayemtafutia majani.

Haraka hii ya kutaka viwanja imetoka wapi? Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Manispaa ya Morogoro ina watu 315,866. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 471,409. Kwa miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 155,000, nao wote wanataka chumba, jiko na choo. Kisha mwezi Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Safari iliyokuwa ikila nusu siku katika basi sasa haifiki saa mbili. Si ajabu basi kwamba mwenye kazi yake Dar es Salaam, aliyechoka na joto na msongamano, amuulize dalali: huko mlimani kwenye ubaridi hakuna kiwanja? Kuuliza si kosa. Kosa ni kwamba anajibiwa "kipo" kabla ya wenye mlima kuulizwa.

Biashara yenyewe tunaifahamu, maana katika kuzunguka kwetu tumeisikia ikisimuliwa kwa namna ile ile, mtaa baada ya mtaa. Dalali humwendea mzee aliye na shida: mtoto anadaiwa shule, mgonjwa yuko hospitali, au mvua imenyima. Humtajia fedha ambazo mzee hajapata kuzishika maishani. Karatasi huandikwa mbele ya mashahidi wawili, mhuri hugongwa, na shamba limekwenda. Baada ya miezi michache hupanda lori la mawe, kisha greda, kisha ukuta. Nyumba ya kwanza haina maji wala barabara, na watu husema, "Nyumba moja ina dhara gani?" Ikija ya kumi, wenye nyumba hukutana na kudai barabara, nayo hupatikana. Barabara ikipatikana, bei ya ardhi hupanda hata mkulima aliyebaki hawezi tena kukataa. Mzee aliyeuza fedha zimekwisha, na mara nyingine hupewa kazi ya kulinda geti katika shamba alilozaliwa. Hivyo ndivyo mlima unavyoliwa. Hauliwi kwa mdomo mmoja mkubwa. Unaliwa kwa meno madogo mengi.

Yafaa sasa tueleze kwa nini jambo hili si ugomvi wa jirani na jirani juu ya kivuli cha mwembe. Uluguru ni chombo cha maji. Upande wa mashariki wa milima hiyo mvua huvuka milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo hushikwa na msitu, na majani, na mizizi ya migomba, na udongo wenyewe, kisha huachiwa kidogo kidogo kwenye mito mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi. Kutoka huko hupatikana mto Ruvu, ambao ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kutoka huko hushuka mto Morogoro unaopita katikati ya mji wetu, na vijito vinavyoingia mto Ngerengere, ambao uliwekewa bwawa la Mindu katika miaka ya 1980 ili mji upate maji. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo afunguapo bomba, awe anajua au hajui, mkono wake umeshika Uluguru.

Sasa tazama nyumba inavyofanya kazi mlimani. Bati halinywi maji. Saruji hainywi maji. Ua uliosakafiwa haunywi maji. Mvua iliyokuwa ikiingia katika udongo wa shamba sasa yateremka kwa kasi kutoka paa la kwanza hadi la pili, na barabara iliyokatwa na greda huigeuza kuwa mto. Mto huo wa siku moja hubeba udongo mwekundu hadi Mindu, na tope likijaa bwawani, maji hupungua nafasi. Mkaaji wa Kihonda au Mafiga ambaye hajapata hata siku moja kupanda mlima huamka asubuhi akakuta bomba limekauka, naye humlaumu fundi. Fundi hana kosa. Kosa limejengwa juu, lina geti na mbwa.

Tena choo. Nyumba ikichimbiwa shimo la choo juu ya chemchemi, waliopo chini hunywa nini? Swali hili halihitaji mtaalamu. Mtoto wa darasa la tatu ajua kwamba maji hayapandi.

Lakini hata tungeacha habari ya maji, liko jambo la haki. Jina la Waluguru lenyewe maana yake ni watu wa mlimani. Katika desturi yao ardhi hupita upande wa mama. Shamba ni la lukolo, yaani la ukoo. Mkubwa wa ukoo hulitunza na kuwagawia watu wake, na watoto wa dada ndio wenye kurithi. Katika desturi hiyo mwanamke si mgeni wa shamba; yeye ndiye mlango wa kulipata. Sasa mtu mmoja akitia sahihi karatasi ya dalali, ameuza nini? Ameuza cha wapwa zake. Ameuza cha watoto ambao dada zake hawajawazaa. Na hati ikishaandikwa jina la mnunuzi, hakuna mjomba atakayeweza kuirudisha kwa tambiko.

Hatusemi haya ili kuwatukana ndugu zetu waliouza. Mtu mwenye njaa hauzi kwa hiari. Njaa ndiyo iuzayo. Twasema ili ijulikane kwamba soko hili si la watu wawili waliolingana. Mmoja anauza ili alipe deni la mwezi huu, mwingine ananunua ili ajenge nyumba ya mapumziko atakayoilala siku chache kwa mwaka. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1958, kabla ya bendera yetu kupanda, aliandika makala yake Mali ya Taifa, akaonya kwamba katika nchi ya watu maskini, ardhi ikifanywa bidhaa ya kuuzwa kama shati, mwishowe wachache wenye fedha wataimiliki na wengi watabaki wapangaji katika nchi yao wenyewe. Hakusema wachache hao lazima watoke ng'ambo. Mwenye kumwondoa mkulima mlimani aweza kuwa na ngozi kama yetu na kuzungumza Kiswahili kizuri kuliko sisi. Mkulima aliyeondolewa hapati nafuu yoyote kwa hilo.

Tuangalie na sheria, maana wapo wanaodhani sheria ni kitu cha mawakili tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 yasema kwamba halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini, na haiwezi kuigawa bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hii ni nguvu kubwa. Maana yake mama mwenye tenga ana sauti sawa na mwenyekiti. Lakini mji ukipanua mipaka yake, kijiji kikageuzwa mtaa, nguvu ile huondoka. Mkutano wa mtaa waweza kusikiliza, kuuliza na kulalamika, lakini hauna mamlaka juu ya ardhi kama ule wa kijiji. Watu walilala wanakijiji wakaamka wakazi wa mtaa, nao hawakuambiwa kwamba usiku huo wamepungukiwa na kitu. Kwa hiyo mwananchi wa mlimani akisikia habari za kupanua mipaka ya mji, asipige makofi kwanza kwa ajili ya taa za barabarani. Aulize: na shamba langu, nani atakuwa na neno la mwisho juu yake?

Iko pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Sheria nzuri. Lakini twaomba tuonyeshwe jinsi inavyopimwa. Mkulima akipanda mchicha kando ya kijito, huambiwa anaharibu chanzo cha maji, na mchicha wake hung'olewa. Mwenye fedha akijenga ukuta wa mawe kando ya kijito hicho hicho, huulizwa kama ana kibali. Akikosa kibali hupewa muda. Muda ukiisha huongezewa. Mchicha hauna mawe, ndiyo maana hung'oka upesi. Kipimo kikiwa na urefu mbili, cha maskini mita 60 na cha tajiri hatua sita, hicho si kipimo tena, ni fimbo.

Hapa twataka kukumbusha historia, maana kuna watakaosema kwamba wenyeji wa Uluguru siku zote hawataki kuhifadhi milima yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilileta mpango wa kutunza ardhi ya Uluguru. Watu walilazimishwa kukata miteremko kuwa matuta ya ngazi. Kazi hiyo ilikuwa ya shuruti, na mahali pengi ilifukua udongo mbichi wa chini ukafunika ule wenye rutuba, mazao yakapungua. Watu walieleza, hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, wananchi walikusanyika kukataa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ule ukafa nao. Wakubwa wa siku zile walitafuta wachochezi, kana kwamba mtu anahitaji mchochezi ili ajue kwamba shamba lake halizai.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya habari hiyo, ambayo husahauliwa. Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, wakulima walikata matuta na wameendelea kuyatumia, kwa sababu walimwagilia mboga, mboga ziliuzwa mjini, na faida walishika wenyewe. Milima ni ile ile na watu ni wale wale. Tofauti ilikuwa moja tu: Matombo waliamriwa, na Mgeta waliona maana. Basi mtu asitudanganye kwamba mwenyeji ni adui wa mlima. Mwenyeji ni adui wa amri isiyomshirikisha, iwe imetoka kwa Bwana Shamba wa kikoloni au kwa mpima ardhi wa leo anayefika na mambo ya rangi shambani kwa mtu bila hata kupiga hodi.

Wala Waluguru hawakuwa peke yao. Mwaka 1951 Wameru zaidi ya 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili kuwapisha masetla, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kulieleza shauri lao mbele ya dunia. Ardhi yao hawakurudishiwa siku ile, lakini nchi nzima ilisikia, na waliosikia wakajifunza kukutana, kuchanga na kutuma mjumbe. Ndiyo maana twasema kwamba madai ya ardhi hayakuja baada ya uhuru. Uhuru ulizaliwa kati ya madai ya ardhi.

Sasa tujibu hoja za wanaotupinga, maana haifai kukimbia hoja.

Wa kwanza wasema: kila mtu ana haki ya kuuza mali yake. Twajibu: ndiyo, kama ni yake. Lakini kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, na kila mmoja wetu ana haki ya kuitumia kwa masharti. Na kwa desturi ya mlimani shamba ni la ukoo. Kwa hiyo mwenye kuuza peke yake ana wakubwa wawili ambao hajawauliza: ukoo wake na taifa lake.

Wa pili wasema: nyumba nzuri za mlimani zitaleta kazi. Kazi zipi? Kuchimba msingi miezi mitatu, kisha kulinda geti. Shamba la migomba lilisha nyumba moja miaka arobaini na kupeleka watoto shule. Tuambiwe ni geti gani limefanya hivyo.

Wa tatu, na huyu tunamheshimu, auliza: watu hawa 155,000 waliongezeka wakae wapi, hewani? Hapana. Wakae tambarare. Kaskazini na mashariki ya mji iko ardhi iliyokuwa ya mkonge tangu zama za Wajerumani, na mji umekwisha kuanza kuenea huko, Kihonda, Mkundi na Tungi. Ni pakavu, pana joto, hakuna mandhari ya kupigia picha. Lakini ni ardhi ambayo nyumba yaweza kusimama bila kuporomoka na barabara yaweza kupita bila kukata mlima. Kinachokosekana huko ni maji, mitaro, shule na zahanati vitangulie kabla ya watu. Pia katikati ya mji vimo viwanja vingi vyenye nyumba moja ya chini iliyochoka. Mji unaweza kukua kwenda juu kwa ghorofa kabla ya kukua kwenda juu kwa mlima. Kujenga mlimani si ukosefu wa nafasi. Ni uchaguzi wa wachache wanaopenda ubaridi, na gharama yake wanalipa walio wengi.

Wa nne hunong'ona tu, hasemi hadharani: mtapiga kelele mwishowe mtachoka, fedha haichoki. Huyu tumpeleke kwa jirani.

Mjini Nairobi uko msitu wa Karura. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wananchi waligundua kwamba sehemu zake zimegawiwa makampuni ya watu binafsi ili zijengwe majumba. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement hawakusubiri majumba yasimame. Walianza na swali moja: ni nani hao waliogawiwa? Walilirudia swali hilo magazetini, makanisani na barabarani mwaka 1998. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda msituni kupanda miti, wakapigwa na watu waliowekwa getini, na Maathai mwenyewe akajeruhiwa kichwani. Damu ile iliwaamsha wanafunzi na viongozi wa dini, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo msitu wa Karura upo, umezungushiwa uzio, na watu wa Nairobi hutembea ndani yake na watoto wao. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hakuwa na fedha kuliko makampuni yale. Alikuwa na swali lisilojibika, na watu waliokubali kuliuliza pamoja.

Na asiyetaka kujifunza kwa jirani aliyeshinda, ajifunze kwa waliofikwa. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, umebanwa kati ya bahari na milima, nao ulipanda milima hiyo nyumba kwa nyumba, miti ikikatwa. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2017, baada ya mvua nyingi, mlima wa Sugar Loaf uliporomoka upande mmoja, na watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Hapa kwetu, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliufunika mji wa Katesh na vijiji vya karibu, wakafa watu zaidi ya 80. Hatusemi kwamba Hanang ilisababishwa na viwanja. Hiyo ilikuwa habari nyingine ya mwamba na mvua. Twasema tu kwamba mlima ukiteremka hauulizi nani ana hati na nani hana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine hata wa kujenga huo ukuta hasalii.

Tufanye nini basi? Maneno matupu hayazuii greda. Tunatoa mapendekezo matano, na tunaomba yasomwe katika kila mkutano.

Kwanza, pawekwe mpaka wa ujenzi upande wa mlima, wenye alama zinazoonekana, ambao juu yake hakuna nyumba mpya isipokuwa za wakulima wenyeji wanaoishi na kulima hapo. Mpaka huo usichorwe ofisini. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe mpango wa mji unapoandaliwa. Basi ramani iletwe mtaani, ibandikwe ukutani, isomwe kwa Kiswahili, na watu waseme.

Pili, kila ukoo uandike mashamba yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Mahali palipo kijiji, watu wachukue hati za hakimiliki ya kimila, na majina ya wanawake yaandikwe, yasifichwe nyuma ya jina la kaka. Mahali palipo mtaa, mwenyekiti asigonge mhuri kwenye mauzo ya shamba la ukoo kabla ya wazee na wanawake wa ukoo huo kuitwa na kusema mbele ya watu.

Tatu, mita 60 ziwe mita 60. Ukaguzi uanze na kuta za mawe, ndipo ufike kwenye mchicha. Tukiona hivyo, mkulima atang'oa mchicha wake mwenyewe bila kusukumwa.

Nne, wanaokunywa wamkumbuke anayelinda. Jambo hili si ndoto, limekwisha kujaribiwa. Katika miaka ya baada ya 2006, huko Kibungo Juu, wakulima wa Uluguru walilipwa kwa kupanda miti, kukata matuta na kulinda udongo, na miongoni mwa waliochangia malipo hayo ni shirika lililokuwa likiuza maji Dar es Salaam. Mradi ulikuwa na mwisho wake kama miradi mingine, lakini haja haikuwa na mwisho. Sehemu ndogo ya bili ya maji ya mji, ikirudishwa mlimani kila mwaka kwa utaratibu ulio wazi, itamfanya mkulima amwambie dalali: rudi ulikotoka, shamba hili lina mshahara.

Tano, viwanja vya tambarare vipimwe kwanza kwa ajili ya wafanyakazi, walimu, mama lishe na madereva, kwa bei wanayoiweza, na maji yafike kabla ya mabati. Na yeyote ambaye shamba lake litachukuliwa kwa ajili hiyo alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, kama sheria isemavyo. Haitafaa kumwokoa mkulima wa mlimani kwa kumnyang'anya mkulima wa bondeni.

Wakazi wa mitaa ya chini ya mlima wameanza kuuliza maswali, na tumefurahi kuwasikia. Mwanzoni waliuliza mmoja mmoja, kwa hofu, wakiogopa kuitwa wapinga maendeleo. Sasa twawaambia: msiulize mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chagueni wajumbe, nusu yao wanawake. Andikeni kila shamba linalouzwa, tarehe, na nani aligonga mhuri. Nendeni kwa diwani kwa miguu yenu, mwombeni aseme barazani, kisha nendeni barazani mkamsikilize kama amesema. Msichome gari la mtu wala kuvunja ukuta wa mtu. Anayevunja ukuta humpa mwenye ukuta haki ya kulia. Daftari linatisha kuliko panga.

Na ninyi madiwani na watendaji, twawaheshimu, lakini hatutawaficha neno. Mmepewa ofisi kwa muda. Mlima ulikuwapo kabla ya Wajerumani, ukawaona Waingereza wakija na kuondoka, na utakuwapo mhula wenu utakapokwisha. Watoto watauliza ni baraza lipi lililoruhusu chemchemi zifukiwe, na majina yenu yamo katika kumbukumbu za vikao.

Kiangazi kijacho kitafika kama kawaida yake. Mito itapungua, na mji utatazama juu kuuliza maji yako wapi. Mkutano wa mtaa wako ni lini? Kama hujui, kaulize leo. Ukifika siku hiyo, keti mbele, na likija jambo la viwanja vya mlimani, nyosha mkono.